Lenzi Niliyoinunua Mazinde

Vijana wangu, mnanipigia simu sana. Mnaanza na shikamoo mama, mnaniuliza hali ya magoti, na kabla sijamaliza kuyaeleza magoti mnafika mlikokuwa mnakwenda: "Mama, nataka kupiga picha za wanyama na ndege, hela yangu ni ndogo, ninunue lenzi gani ya kuvuta mbali?" Nikiwauliza mnakwenda kupiga wapi, mnasema, "Popote." Basi leo nimekaa kibarazani na blanketi mapajani, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na nimeamua kuwajibu wote kwa pamoja. Jibu ni refu kwa sababu ujinga niliopitia mimi nao ulikuwa mrefu.

Kwa msionijua, mimi ni Mama Neema. Wengi wenu hapa Lushoto niliwapiga picha ya kwanza ya maisha yenu, ile ya ubatizo mnayolia, na baadaye za kipaimara, za vitambulisho na za harusi. Studio yangu ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, pazia la bluu upande huu na jekundu upande ule. Kazi hiyo niliiweza. Nilijua bwana harusi aambiwe nini ili ashushe mabega, na nilijua mtoto mchanga ananyamazishwa kwa kutikisiwa funguo. Halafu simu zenye kamera zikaingia mpaka mifukoni mwa bibi zenu, watu wakaanza kujipiga wenyewe, na mapazia yangu yakabaki ya kukusanya vumbi.

Ndipo mama mmoja mwenye nyumba ya wageni akaja studio na kazi mpya. Alitaka picha za kutundika vyumbani.

"Wageni wangu wanakuja kuona msitu," akasema, "lakini ukutani nimewawekea maua ya kutoka kwenye kalenda. Nipigie mbega, nipigie hondohondo, nipigie ndege wowote wenye rangi."

Nilikubali kabla hajamaliza kikombe chake cha chai. Nilikuwa nimezaliwa pembeni ya ule msitu, nimeokota kuni humo, mbega nimewaona tangu sijui kusoma. Niliona kazi ni kwenda kuwachukua tu. Kesho yake nikapanda na kamera yangu na lenzi yangu ya harusi, ile ya kumpiga mtu akiwa hapo mbele yako. Mbega walikuwepo, kundi zima, wamekaa juu na mikia yao myeupe inaning'inia. Nikapiga mpaka nikachoka. Jioni nikazifungua picha kwenye kompyuta, nikamwita mume wangu, Baba Neema, aje aone.

Baba Neema ni mkulima wa kabichi na mapeasi, hana maneno mengi. Akaegemea meza, akaitazama picha, akauliza, "Mbega yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hilo doa?"

"Siyo doa. Ni mbega."

"Haya," akasema, akaenda kufunga kuku.

Hapo ndipo niliposhikwa na ugonjwa wa namba, na ndio ugonjwa ninaousikia kwenye sauti zenu kwenye simu. Nilisikia kwamba lenzi zinapimwa kwa milimita, na kwamba milimita zikiwa nyingi mnyama anakuja karibu. Lenzi yangu ya harusi ilikuwa na milimita hamsini. Nikajiambia nikipata ya mia tano nitahesabu kope za mbega.

Alikuwepo mtu wa kumuuliza. Fundi Bakari alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza redio, saa na kamera hatua chache kutoka studio yangu, na ndiye aliyenifundisha kusafisha kamera tangu zama za filamu. Lakini nilitaka kumshangaza. Nilitaka niingie kibandani kwake na lenzi kubwa begani, aivue miwani, aivae tena. Kwa hiyo sikumuuliza.

Nilipata habari za mpiga picha mmoja upande wa Same aliyekuwa anafunga studio na kuuza vitu vyake. Tulikubaliana tukutane katikati, pale Mazinde, barabarani. Baba Neema alikubali tuuze mtamba wetu, ila alinisindikiza mpaka kituoni akinikumbusha kwamba mtamba alikuwa anatoa mbolea.

Mazinde mnaijua. Ukitoka huku kwetu na sweta, unalivua kabla hujafika. Ilikuwa mchana, jua limesimama kichwani, mwanga mweupe hadi unakunja uso. Yule bwana akaitoa lenzi kwenye boksi. Ilikuwa fupi na nene kama sufuria la uji, milimita mia tano, ndani yake kuna vioo viwili vinavyorushiana mwanga, ndiyo maana haikuwa ndefu. Akaifunga kwenye kamera yangu.

"Jaribu mwenyewe, mama," akasema. "Piga unachotaka."

Juu ya nguzo ya umeme alikaa kunguru. Nikamlenga, nikazungusha pete ya lenzi kwa mkono mpaka akakaa sawasawa, nikapiga. Nikaikuza picha kwenye kioo cha kamera. Niliona manyoya yake moja moja. Niliona jicho lake likinidharau. Nikalipa palepale. Yule bwana kwa furaha akaniongezea bure kipande kingine kidogo cha kufunga katikati ya kamera na lenzi, akasema hicho kinazidisha mara mbili, sasa nina milimita elfu moja. Alikuwa mkweli katika kila neno alilosema. Sikumuuliza tu maneno mengine.

Nilirudi Lushoto nikiwa nimekumbatia boksi. Asubuhi iliyofuata nikapanda msituni na mzigo wangu wote, milimita elfu moja.

Sasa sikilizeni, hapa pana somo. Kila lenzi ina namba mbili. Ya milimita inakwambia itavuta mbali kiasi gani. Ile nyingine, inayokwenda na herufi f, inakwambia mlango wa mwanga unafunguka kiasi gani, na hapo mambo yamegeuzwa: namba ikiwa ndogo, mlango ni mkubwa. Mimi nilisoma namba moja. Lenzi yangu ilikuwa na mlango wa nane, hauongezeki wala haupungui, na kile kipande cha bure kilipoingia katikati kikala mwanga uliobaki, mlango ukawa wa kumi na sita. Mazinde, chini ya lile jua, hata tundu la sindano lingetosha. Lakini nilikuwa ndani ya msitu wa Usambara, ukungu umekaa kwenye matawi, saa tatu asubuhi giza kama jikoni kwenye moshi. Nilipochungulia kwenye kamera nilidhani nimesahau kufungua kifuniko. Nikakipapasa. Nilikuwa nimeshakifungua.

Nikakiondoa kile kipande, nikabaki na mia tano. Afadhali kidogo. Nikamwona hondohondo, nikaanza kuzungusha pete. Nilipompata, akahama. Nikazungusha tena. Akahama tena, bila haraka, kama mtu anayenisubiri nimfikie. Na kwa kuwa mwanga ulikuwa mdogo, kamera ilihitaji muda kuuvuta, na katika muda huo mikono yangu, ambayo kanisani ilikuwa imara, ilitetemeka kama ya mlevi. Kumbe mtikisiko nao unakuzwa pamoja na mnyama. Nani angeniambia? Fundi Bakari angeniambia.

Halafu kulikuwa na maandazi. Lenzi za vioo viwili zina tabia moja: kila kidoa cha mwanga kilicho nyuma ya mnyama zinakigeuza pete, duara lenye tundu katikati. Msituni vidoa vya mwanga vimejaa kati ya majani. Picha zangu zote zilikuwa na kivuli cheusi katikati, na pembeni maandazi ya matundu yamemwagika kila mahali. Mama wa nyumba ya wageni alizitazama moja baada ya nyingine kwa adabu, kisha akaniuliza kama nilizipiga kupitia kitambaa cha pazia.

Hata hivyo ningeweza kuishi na aibu hiyo. Lililoninyima usingizi lilikuwa jambo la Zuberi.

Zuberi alikuwa mchinjaji, na bucha lake lilikuwa pale sokoni. Kitongojini kwetu alikuwa jirani mwenye uso mgumu. Alisalimia vizuri na kuwapa wakubwa shikamoo yao, lakini hakuwa mtu wa kukaa na kupiga soga. Juu kidogo ya nyumba yake, ukingoni mwa msitu, aliishi Mama Hadija, mjane mwenye mbuzi wengi na roho moja nao. Watoto wa mbuzi wa Mama Hadija walianza kupotea. Leo mmoja, baada ya siku kadhaa mwingine, mchana kweupe, bila damu wala alama ya mnyama aliyeburura kitu. Aliwafunga vitambaa vyekundu shingoni ili awatambue wakionekana kwa watu, lakini hawakuonekana. Watu wakaanza kuulizana ni nani kitongojini mwenye kisu na pa kuuzia nyama. Hawakuulizana kwa muda mrefu.

Mkutano uliitishwa. Mama Hadija alisimama akaeleza, na mwisho akasema, "Simtaji mtu," huku akimtazama Zuberi. Zuberi akajibu kwamba yeye huchinja mbuzi wakubwa aliowanunua mbele za watu, na kitoto cha kubebwa kwa mkono mmoja hakina nyama ya kuweka hata kwenye ndoano. Ilikuwa hoja nzuri, ila aliitoa kwa hasira, na hasira yake ikaonekana kama jibu.

Mimi nikanyoosha mkono. Katika kuwafuata wale mbega nilikuwa nimemwona tai wa msituni, yule mkubwa mwenye kishungi, akipita juu ya bonde na kitu kinaning'inia miguuni. Nikasema inawezekana ni yeye. Watu wakacheka.

"Mwewe anachukua kifaranga," mwenyekiti akasema. "Mbuzi, Mama Neema?"

"Siyo mwewe. Ni tai. Nitaleta picha."

Sijui nani alinituma kusema vile. Labda ni lile boksi la Mazinde. Watu wakatulia, mwenyekiti akasema vizuri, kabla ya kumchukulia mtu hatua tusubiri picha ya Mama Neema. Zuberi akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake ukilegea.

Na nilimpata yule tai. Nilimfuatilia asubuhi nyingi mpaka akapita, akiwa amebeba kitu, na nikampiga kwa lenzi yangu ya milimita mia tano. Mkutano ulipokaa tena nikaiinua ile picha, nimeisafisha kubwa kwa gharama yangu. Mwenyekiti akaishika, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Ikazunguka mkono kwa mkono. Palikuwa na doa jeusi lenye ukungu pembeni, na kuzunguka doa, maandazi.

"Hiki ni nini?" mzee mmoja akauliza.

"Ni tai, mzee wangu."

"Na haya?"

"Hayo ni mwanga."

Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele. Lakini baada ya kicheko mtu mmoja akasema neno lililonichoma: huenda Zuberi ndiye aliyenituma nilete takataka ile ili kuwapotezea watu muda. Vichwa vikatikisika. Hakuna aliyetoa hukumu siku ile, hawakuhitaji. Watu waliacha tu kununua nyama kwake.

Siku chache baadaye nilipita buchani. Nyama ilining'inia, nzi wakiwa wateja. Nikamwomba nusu kilo. Alikata, akafunga, akanipa bila kuniangalia.

"Mama Neema," akasema, "kabla ya picha yako walikuwa wananishuku. Sasa wana uhakika."

Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema mke wake amewachukua watoto kwenda kwao Mponde kwa muda, kwa sababu shuleni walikuwa wanaitwa watoto wa mwizi.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwa Fundi Bakari, na lile boksi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Nimeisikia picha yako," akasema. "Lete nione."

Akaitoa lenzi, akaizungusha mezani. Nilijiandaa kwa mahubiri. Badala yake akainama chini ya meza, akavuta mfuko wa vumbi, akatoa lenzi ndugu moja na yangu.

"Mimi niliinunua ya kwangu kabla yako," akasema. "Nimeitumia kuzuia mlango. Kwa mlango ni nzuri sana."

Tulicheka mpaka nikafuta machozi, ingawa sina hakika yote yalikuwa ya kucheka. Kisha akaniuliza maswali ambayo sasa nawauliza ninyi. Mnyama wako anakaa wapi? Mwanga wa pale ukoje saa anayotoka? Utabeba mwenyewe? Unaweza kumsogelea, au lazima umpige kutoka ng'ambo? Nilipomjibu yote, akasema jambo ambalo sikulitegemea: sihitaji milimita nyingi zaidi, nahitaji chache zaidi. Milimita mia tatu, zenye mlango wa nne, toleo la zamani, iliyotumika. Umbali uliobaki niumalize kwa miguu.

"Milimita ni ghali," akasema. "Miguu unayo."

Ilichukua muda kuipata. Alikuwepo mtu Korogwe aliyekuwa nayo, na safari hii Fundi Bakari alikwenda nami. Rangi ilikuwa imekwanguka hadi chuma kinaonekana, na kwenye ukingo wa kioo cha mbele palikuwa na mkwaruzo. Nikaikunjia uso. Fundi akaniambia mkwaruzo mdogo wa mbele hauonekani kwenye picha, unaonekana kwenye bei, na ni upande wetu. Aliogopa kitu kingine. Alitoa tochi, akaiwasha nyuma ya lenzi, akachungulia kutoka mbele akitafuta ukungu, siyo huu unaoshuka milimani bali ule unaoota ndani ya vioo kama utando wa buibui. Kwa sisi wa huku kwenye unyevu ukungu huo ndio adui. Ukiingia kwenye vioo hauondoki kwa kitambaa. Akasikiliza mota ya kulenga, ikalia kama chura lakini ikafika. Akazungusha kila pete. Akahakikisha inafunga kwenye kamera yangu, jambo ambalo watu husahau mpaka wafike nyumbani. Halafu akatutoa nje kwenye jua, akaturudisha ndani, akaniambia nipige gunia lililokuwa kwenye kona ya giza.

"Juani kila lenzi ni nzuri," akasema. "Wewe nunua ya kona."

Hilo liandikeni. Anayekwenda kupiga tandala nyikani kule Mkomazi, kwenye jua, anaweza kununua lenzi ya kuvuta mbali zaidi yenye mlango mdogo, ni ya bei nafuu na itamtosha. Anayekuja msituni kwetu anunue mlango kwanza. Na anayetaka kinyonga asinunue chochote. Kinyonga atakaa kwenye kidole chako, tumia simu.

Lenzi ya Mazinde niliiuza kwa mtu wa Same, siyo yule, mwingine, na nilimweleza kasoro zake zote. Akanunua hivyohivyo. Alisema kwao jua halina shida.

Basi nikamfuata tai kwa miguu. Niliacha kumkimbiza angani, nikatafuta anakorudi. Kiota chake kilikuwa kwenye mti mkubwa mteremkoni, rundo la vijiti kama kitanda kilichovunjika, na ukikaa kwenye ukingo wa shamba la Mama Hadija ulikitazama usawa wa macho. Nilimwomba ruhusa ya kukaa pale. Alinijibu kwa kifupi kwamba shamba halina geti.

Fundi alikuwa ameniambia niache kununua stendi ya kamera ya bei ghali, nishone mfuko wa nguo, niujaze maharage, niulaze juu ya jiwe na lenzi juu yake. Lenzi inazama kidogo kwenye maharage na kutulia kama mtoto aliyeshiba. Baba Neema alipoona nachota maharage ya akiba, aliuliza kama ni ya mbegu, ya kula au ya kupiga picha. Nikamwambia ya kupiga picha. Akachota yaliyotobolewa na wadudu, akanijazia mfuko kwa hayo.

Nilikaa asubuhi baada ya asubuhi nimejifunika gunia. Kifaranga cha tai kilikuwa kiotani, cheupe, kinalia. Mama yake alileta pimbi, akaleta kima mdogo. Nilipiga picha nzuri, zenye macho na kucha, nikafurahi kama msichana, kisha nikakumbuka kwamba hazina msaada kwa Zuberi. Pimbi si mali ya mtu.

Siku tai alipoleta kile ambacho Zuberi alishukiwa kukiiba, nilikuwa nakunywa uji. Ningependa kuwaambia nilikuwa macho, kidole tayari. Nilikuwa na kikombe mdomoni, katikati ya stori na Mama Hadija, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amekuja kukaa karibu yangu, nadhani kwa kuchoka kunitazama kutoka mlangoni kwake. Kivuli kikapita juu yetu. Mama Hadija akanishika bega.

"Kile nini?"

Nikauachia uji kwenye sketi. Nikaanza kupiga. Picha za mwanzo, nimezihifadhi, ni za shina la mti, zimelengwa vizuri sana. Za katikati ni za anga. Kisha mota ya lile lizee la Korogwe ikalia, ikashika, na tai akatua ukingoni mwa kiota akiwa amefungua mbawa. Chini ya kucha zake alikuwa mtoto wa mbuzi, kichwa kimeanguka upande, na shingoni kitambaa chekundu.

Mama Hadija alichukua kamera mikononi mwangu, mkanda ukiwa bado shingoni mwangu, nikalazimika kumsogelea kama mbuzi mwenyewe. Akatazama kioo kwa muda mrefu.

"Ni wangu," akasema. "Huyu ni wangu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na yule Zuberi, kaka wa watu."

Mkutanoni sikusema neno. Niliipitisha picha tu, na mara hii hakuna aliyeigeuza juu chini. Mwenyekiti akasafisha koo, akasema jambo limeeleweka. Lakini pembeni vijana wawili wakaanza kuzungumzia mti ule, kwamba ukikatwa, kiota kinashuka na mambo yanakwisha. Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimemtoa mmoja hatiani nikamwingiza mwingine, mwenye kifaranga.

Aliyesimama alikuwa Zuberi.

"Mti usiguswe," akasema. "Mimi nimeumizwa kuliko wote hapa, na nasema usiguswe. Yule ndege hana soko la kwenda kununua. Mama Hadija anahitaji banda lenye paa kwa watoto wa mbuzi mpaka wawe wazito. Miti ya kujengea ninayo."

Akakaa. Hakuna aliyemwomba msamaha siku ile, watu wetu hawajui kuomba msamaha hadharani. Lakini wale vijana wawili ndio waliobeba miti ya banda, na Mama Hadija aliwapikia.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda kuuza mboga zetu, kamera begani na ile lenzi ikiwa imefungwa, kwa sababu nilipanga kupanda msituni baadaye. Mke wa Zuberi alikuwa amerudi, nilimwona anapanga mizani. Zuberi akaniita. Alikuwa amevaa koti jeupe jipya la buchani, bado lina mikunjo ya dukani.

"Nipige picha," akasema. "Mimi na mke wangu, hapa mlangoni. Sijawahi kupigwa picha ya kazini."

Sikutaka kumwambia nimekuja na lenzi ya tai. Nikaiinua kamera. Niliona kifungo kimoja cha koti, kikubwa na safi. Nikarudi nyuma nikaona kidevu. Nikarudi tena, nikapita kwenye mitumba, nikapita kwenye karoti, mpaka nikafika ng'ambo ya soko kati ya matenga ya nyanya, na ndipo wote wawili wakaenea. Sasa katikati yetu soko zima lilikuwa linapita, mizigo vichwani, na kila nilipotaka kupiga nilipata sikio la mtu.

Mama Hadija alikuwa upande wa pili, kwa Zuberi, akinunua nyama. Ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza asubuhi ile, watu wote walimwona. Aliweka kikapu chini, akaingia katikati ya njia, akanyoosha mikono.

"Simameni kidogo," akasema. "Zuberi anapigwa picha."

Watu wakasimama. Wa huku wakabaki huku, wa kule wakabaki kule, mpaka ikafunguka njia kutoka kwenye zile nyanya hadi mlangoni kwa Zuberi, na kila mmoja amegeuza uso kumtazama. Yule bwana mwenye uso mgumu hakujua aweke wapi mikono. Mke wake akaushika mmoja. Nikasubiri, mabega yake yakashuka yenyewe, nikapiga.